Alama za Kushukia

Wifi yangu ana miaka hamsini na minane, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye vilima vile vile, kila asubuhi. Kwenye idara ya maji wanamwita Mita, kwa sababu kazi yake ni kusoma mita. Anafika kwenye bwawa, anachuchumaa ukutani, anatazama ule ufito wenye namba uliosimamishwa majini, anaandika maji yamefika wapi. Mabwawa yenyewe ni matatu. La chini liko nyuma ya mtaa wetu, la kati limejificha katikati ya vilima, la juu liko karibu na kilele. Maji tunayokunywa, tunayofulia, na ninayonyunyizia nguo ninapopiga pasi, yote yanatoka huko.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni ya kukaa, na sijawahi kuona aibu kwa hilo. Siku niliyoingia nyumba hii kama mke wa kaka yake nilimkuta wifi kwenye chumba cha uani, makopo ya rangi chini ya kitanda, buti zake zimelazwa juu ya gazeti mlangoni mwa jiko. Zile buti tumezigombania miaka kumi na tisa. Zinaleta matope mpaka kwenye vitambaa vya wateja. Nikimwambia, ananijibu kwamba matope ya mlimani ni safi kuliko sakafu yangu. Mume wangu ameshajifunza kutoka nje tukianza.

Njia ya vilimani hakutumwa na mtu kuitengeneza. Mwaka wake wa kwanza kazini ukungu ulimshukia kati ya bwawa la kati na la juu, akazunguka kichaka kimoja mara nne kabla ya kujua kuwa ni kile kile. Kesho yake alipanda na kopo la rangi nyeupe, iliyobaki walipopaka nyumba ya pampu, akachora mshale kwenye kila jiwe la maana. Baadaye akachimba ngazi za udongo kwa jembe palipoteleza, akalaza magogo penye tope, akakata matawi yaliyokuwa yakipiga watu usoni. Watu wakaanza kumfuata. Kwanza wawili watatu wenye mbwa, kisha watu wa vikundi vya Jumapili wenye kofia na chupa za maji, wanaopiga picha na kila mti. Wifi akajifanya wanamkera. Uongo mtupu! Jumatatu akirudi alikuwa ananisimulia nyayo mpya alizoziona kwenye tope, hii ya mtu mzito, hii ya mtoto, na uso wote unacheka.

Halafu watu wakaanza kupotea.

Mwaka jana walipotea mara nne, na wote walipatikana salama, wamechoka na wamekasirika. Wifi hakuwahurumia hata kidogo. "Watu wenyewe wanatembea macho yakiwa kwenye simu," alikuwa akisema. "Alama zimejaa pale. Hata kipofu angezipapasa." Mimi nilimwamini, kwa sababu nilizoea kumwamini katika mambo ya mlima na kumbishia katika mengine yote.

Wa nne kupotea alikuwa mwalimu mstaafu na mke wake. Walizunguka kwa muda wa saa tano. Mwalimu huyo hakupiga kelele kama wenzake. Alikaa chini akaandika barua kwa bodi ya maji, kurasa tatu, na mchoro wa mahali walipopotelea juu yake. Bodi ikakutana, na jioni moja wifi akaingia chumbani kwangu na nakala za uamuzi na barua ile mkononi. Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua buti. Nilitaka kuzisema zile buti, nikamwona uso, nikaweka mkasi chini.

"Wanaifunga," alisema. "Wanaweka uzio na kufuli. Wanasema njia yangu ni hatari kwa umma."

"Hakuna namna?"

"Mhandisi wa idara amenipigania kidogo. Amesema atachagua watu watano ambao hawaijui njia. Kila mtu apite peke yake, apande mpaka bwawa la juu na kurudi kwa miguu, bila kuongozwa, kabla ya saa kumi jioni. Wakirudi wote watano, njia inabaki. Akipotea mmoja, basi. Na mmoja wao ni huyo huyo mwalimu, kwa sababu alipita akapotea, kwa hiyo bado haijui."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika siku ya mtihani huo. Baada ya miaka miwili wifi anastaafu. Hana mtoto, hana kiwanja, hana cheo. Alichonacho ni ile njia, na alijua kabisa kuwa mimi najua.

"Watapita tu," nikamwambia. "Si umesema kipofu angezipapasa?"

Akanitazama juu mpaka chini, nikajua ninaletewa balaa. "Jumapili unapanda na mimi. Wewe huna akili ya porini hata chembe. Ukifika wewe, atafika yeyote."

Nilikiona cha mtema kuni siku hiyo. Wifi alitembea nyuma yangu, hasemi neno, ananiacha nitafute mwenyewe. Na kusema kweli, kupanda hakukuwa na shida ya njia. Shida ilikuwa mapafu yangu. Kila nilipoinua macho kulikuwa na mshale mweupe mbele yangu, juu ya jiwe, kwenye shina, kwenye nguzo ya zege. Tulipita bwawa la kati, maji yametulia na misonobari imelizunguka pande zote, nikasahau kulalamika kwa dakika nzima. Saa tano tulikuwa juu. Wifi alivimba kichwa.

"Umeona? Umepotea wapi? Niambie, umepotea wapi?"

"Sijapotea, Mita. Nipe maji."

Tukala mikate yetu, tukaanza kuteremka. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili pikapu ya idara haiji. Siku za kazi inapanda saa nne kwa barabara ya upande wa pili, inaleta dawa ya maji kwenye bwawa la juu, kisha inashuka na wifi amekaa mbele pamoja na dereva. Wifi hakulifikiria hilo. Alitangulia akipiga mluzi. Tulipofika penye njia panda ya kwanza akaenda kushoto bila kusita. Ya pili, kulia. Ya tatu akasimama, akageuza shingo huku na huku, akaacha kupiga mluzi, akaenda kulia.

Baada ya nusu saa tulikuwa mbele ya uzio wa waya ambao sikuuona tukipanda.

"Huu uzio tuliupita?" nikauliza.

"Tuliupita."

"Wifi, mimi sijaupita."

"Nimesema tuliupita!" Alikuja juu, na wifi akija juu bila sababu ni kwamba ana hofu. Tukarudi tulikotoka, tukashika kijia kingine, tukatokea kwenye korongo lenye miiba. Sketi yangu ikachanika. Tukarudi tena. Wifi alikuwa akitazama miti kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani akidhani ni yake.

"Hapa sipajui," alisema mwishowe, sauti imekwisha. "Jamani. Nimepita hapa maisha yangu yote, na hapa sipajui."

Nilikaa kwenye jiwe nipumzishe miguu. Niliposhika upande wa pili wa jiwe ili nisianguke, nikaona kiganja changu kimeshika rangi nyeupe iliyokauka. Nikainama nikachungulia. Mshale. Nikainuka, nikaenda nyuma ya mti mkubwa tulioupita. Mshale. Nikarudi mpaka kwenye njia panda, nikageuka nikatazama juu tulikotoka. Mishale ilikuwa imejaa, yote inanitazama mimi, myeupe, imepakwa kwa ustadi. Nikageuka tena kuelekea tunakokwenda. Hakuna kitu, ni mawe matupu.

"Wifi," nikamwita. "Njoo usimame hapa. Sasa geuka."

Akageuka. Akageuka tena. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Kitambaa kina uso na kina mgongo," nikamwambia. "Wewe umepaka uso peke yake. Unapanda kwa miguu, unashuka kwa gari. Miaka ishirini na miwili, wifi! Hujawahi kuteremka njia yako mwenyewe hata siku moja!"

Kweli hakuwahi. Goti lake la kulia lilimkataza tangu mwanzo, na pikapu ilikuwepo, kwa nini ajitese? Kila asubuhi aliyaona mawe yale kwa upande mmoja, akakagua rangi yake, akaongezea palipofifia, akaridhika. Wote waliopotea walipotea mchana, wakirudi. Mchoro wa mwalimu ulionyesha hivyo hivyo, lakini wifi alikuwa ameukunja bila kuutazama, kwa hasira.

Akakaa chini kwenye majani akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama mkwe. "Nimewatukana," alisema. "Watu wa watu. Wamezunguka na watoto wao huku, na mimi ninawaita wazembe." Nikakaa naye. Sikutafuta neno la kumfariji, kwa sababu lilikuwa kosa kweli na yeye si mtu wa kudanganywa. Nilimpa ncha ya sketi iliyochanika apanguse macho.

Tulishuka kwa kutazama nyuma. Hatua ishirini, tunageuka kuona kama mshale upo, hatua ishirini tena, tunageuka. Palipokuwa na njia panda mimi niliteremka kinyumenyume, yeye amenishika mkanda nisianguke. Vijana fulani walikuwa wanapanda wakatukuta hivyo, watu wazima wawili, mmoja anashuka mlima kwa kisogo. Wakatusalimia kwa adabu sana. Walipotupita tuliwasikia wakicheka, na wifi naye akaanza kucheka, tukacheka mpaka tukakosa nguvu za kusimama.

Kesho yake aliomba likizo. Mume wangu akaleta rangi ya njano, kwa sababu wifi aliamua nyeupe ibaki ya kupandia na njano iwe ya kushukia, mtu asichanganye. Kila siku tulipanda na pikapu, tukashuka kwa miguu. Nasema tulishuka, maana nami nilikuwa nimeajiriwa, bila kuulizwa, katika kazi ambayo wifi alisema ninaiweza kuliko mtu yeyote mjini.

"Wewe tangulia," alisema. "Usifikiri. Wewe nenda tu kama unavyokwenda dukani. Pale utakaposita, hata kidogo, mimi napaka."

Basi hivyo ndivyo tulivyofanya. Nilitangulia na ujinga wangu wote, na kila nilipopunguza mwendo au kugeuza shingo nilisikia nyuma yangu kopo likifunguliwa. Nikapata uchungu kidogo kugundua ninasita mara nyingi kiasi gani. Mahali palipotunyima usingizi zaidi ni chini ya bwawa la kati, penye mwamba mpana uliolala, hauna jiwe lililosimama wala mti wa kupakwa. Siku mbili tulihangaika hapo. Mwishowe tulibeba mawe kutoka korongoni, tukayapanga mafungu mafungu, kila fungu limefika kiunoni, na juu ya kila moja jiwe la njano. Mgongo wangu bado unayakumbuka.

Goti la wifi lilivimba siku ya tatu. Siku ya sita halikuingia tena kwenye suruali, ikabidi niachie mshono. Usiku nilimkanda kwa maji baridi, yeye ameuma taulo. Nikamwambia alale siku moja, dunia haitaanguka. Akasema, "Nimewapandisha watu juu, wifi. Nani atawashusha?" Nikafunga bandeji. Asubuhi akajikaza kisabuni, akapanda pikapu kabla yangu.

Siku ya mtihani tuliamkia ukungu. Mhandisi alifika kwenye lango la bwawa la chini, njia inapoanzia, na mnyororo na kufuli, akavilaza juu ya boneti ya gari lake mahali tunapoviona. Si mtu mbaya, lakini anapenda mambo yaonekane. Waliojitokeza walikuwa nesi, karani wa benki, fundi bomba, msichana wa chuo aliyevaa raba nyeupe zisizofaa mlimani, na mwalimu mstaafu. Mwalimu alikuwa mrefu, mkavu, na begi dogo mgongoni. Alimpa wifi mkono.

"Ni wewe uliyenipoteza," alisema.

"Ni mimi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Tutaonana saa kumi."

Wakaondoka mmoja mmoja, robo saa baina yao, mwalimu akawa wa mwisho. Dereva wa pikapu alikuwa juu kuwasainisha. Wifi alikatazwa kukanyaga ndani ya lango. Hata kupiga kelele alikatazwa. Nilikuwa nimekuja na gauni la mteja nishone pindo. Nilishona pindo lile, nikalifumua, nikalishona tena.

Saa saba na nusu akatokea fundi bomba, anatembea kama anatoka sokoni. Saa nane kasoro nesi. Saa nane na robo karani, amelowa, anasema kule kwenye mwamba hakuona mbele ya pua yake isipokuwa mawe ya njano, akayafuata moja baada ya jingine. Wifi alinibana mkono mpaka sindano ikanichoma. Saa nane na nusu msichana wa chuo, raba zake si nyeupe tena, akauliza kama anaweza kurudi kesho na wenzake.

Bado mwalimu.

Saa tisa ikafika. Ukungu ulishuka mpaka ukafunika ukuta wa bwawa la chini. Dereva akapiga simu kwa mhandisi, akasema mwalimu alisaini juu saa sita kasoro, akashuka. Saa tatu nzima zimeshapita! Mtu mwenye miguu ile mirefu angekuwa ameshafika nyumbani kwake na kuoga.

"Nimruhusu mtu aende kumtafuta?" mhandisi akamuuliza wifi, kwa upole. Sote tulijua maana yake. Akienda mtu kumtafuta, mtihani umekwisha.

Wifi alisimama ameshika nguzo ya lango. Alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Mwalimu angeweza kuwa amevunjika mguu, angeweza kuwa kwenye lile korongo la miiba. Niliona midomo yake ikienda, na baadaye akaniambia hakuwa anaomba. Alikuwa anaishuka njia kichwani, jiwe kwa jiwe, akitafuta mahali ambapo mtu angeweza kukosea. Aliimaliza yote.

"Hajapotea," alisema. "Ngoja saa kumi."

"Una hakika?"

"Mhandisi, hakuna pa kupotelea. Nimeshapaziba."

Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro robo. Mhandisi akashika mnyororo, nadhani bila kujua, akaanza kuukunjua. Roho yangu ilikuwa mkononi. Nilitaka kumnyang'anya nikautupe majini.

Saa kumi kasoro dakika kumi na moja mwalimu akatoka kwenye ukungu. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea mikono nyuma, kama mtu anayekagua madarasa.

"Mwalimu!" mhandisi akamfuata. "Ulikuwa wapi? Ulipotea?"

"Kupotea? La." Akavua begi, akajinyoosha. "Nilikaa kwenye bwawa la kati. Nilikula mikate yangu, nikatazama maji. Kuna ndege mmoja mweupe pale, sijui mnamwitaje. Safari ile mimi na mke wangu tulilizunguka bwawa hilo mara tatu na wala hatukuliona, tulikuwa tunatafuta pa kutokea. Leo nilijua njia iko wapi, basi nikakaa."

Kisha wifi akapiga kigelegele, wifi yangu, mwanamke asiyeimba hata harusini, na vilima vikakirudisha. Nesi akadakia, nami nikadakia, msichana wa chuo akaruka juu. Mhandisi akatia mnyororo wake kwenye buti la gari, akatoa karatasi ya bodi, akaandika pale pale juu ya boneti kwamba njia itabaki wazi, akapiga sahihi. Alikuwa anacheka mwenyewe.

Mwalimu alimngoja wifi atulie. "Zile za njano amepaka nani?"

"Mimi."

"Na nyeupe?"

"Mimi pia."

"Basi hongera kwa za njano," alisema, na wifi akacheka mpaka akashika goti. "Mke wangu aliapa hatakanyaga tena huku. Jumapili nitamleta. Utakuwepo?"

"Mlete mama," wifi akajibu. Alisimama wima, bandeji na yote, na sijawahi kumwona mzuri kama alivyokuwa saa ile. "Mimi sitakuwepo. Na hamtanihitaji."

Jumapili hiyo alilala mpaka saa nne. Nilipita mlangoni kwake mara mbili na kikombe cha chai, nikamkuta anakoroma, dirisha liko wazi, na kutoka huko juu zinasikika sauti za watu wanaoshuka.